Risala ya Kurasa Kumi na Moja

Mwalimu Liberatus, mwalimu wetu wa darasa, alinipa risala ya mahafali ya mwaka jana ili niifuate. Ilikuwa kurasa mbili zilizokunjwa mara nne, na mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai juu yake. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwake, mikono yangu bado ina udongo wa shamba la viazi. Shukrani kwa Mungu. Shukrani kwa mkuu wa shule na wazazi. Idadi yetu. Mafanikio yetu. Changamoto zetu: maji, uzio, kitabu kimoja kwa wanafunzi saba. Mwisho maombi yetu kwa mgeni rasmi, ambayo yalikuwa changamoto zilezile zimerudiwa kwa sauti ya upole.

"Unabadilisha tarakimu tu," alisema bila kuinua kichwa. "Wavulana wangapi, wasichana wangapi. Naitaka Jumatatu."

Sehemu ya idadi ilisema kwamba walianza kidato cha tano wakiwa arobaini na tano, wakahitimu arobaini na wanne, na kwamba mmoja hakuweza kuendelea kwa sababu mbalimbali. Nilimwuliza mwalimu huyo mmoja alikuwa nani. Alifikiri kidogo, kalamu nyekundu ikiwa hewani, akasema amemsahau jina, ila alikuwa anacheza mpira.

Nilikuwa monita wa kidato cha sita CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa miaka yote miwili. Jina langu ni Devota Kalinga. Kwetu ni Iringa mjini, na mama yangu anashona sare za shule karibu na soko. Alikwisha kuiambia kwaya nzima ya usharika wetu kwamba mwanawe atasoma risala kwenye mahafali, na alikwisha kujishonea gauni.

Siku hizo sote tulikuwa tumechoka. Moko ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, ilikuwa imeisha wiki mbili nyuma, pampu ya maji ilikuwa imekufa tangu Februari, na kila asubuhi na jioni tulishuka mtoni na ndoo na kupanda nazo. Shule yetu iko juu ya Uyole, mahali ambapo unaona malori barabarani chini lakini husikii sauti yake. Watu walikuwa wanaongea polepole kama wagonjwa. Hata ugomvi ulikuwa umepungua, maana ugomvi nao unataka nguvu.

Lakini nilipokaa na karatasi Jumamosi ile asubuhi sikuweza kubadilisha tarakimu tu. Niliona kwamba tukishaondoka, shule itabaki na namba arobaini na moja, na mwaka unaofuata monita mwingine atapewa karatasi yetu ina doa la chai. Nikaamua kila mtu apate walau sentensi yake.

Nilianza na Tusekile, kwa sababu siku zetu wenyewe zilianza na Tusekile. Alitoka Tukuyu, na hakuweza kutandika kitanda bila kuimba. Saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ile, sauti inapanda kama watu wako kanisani. Kidato cha tano tulimrushia ndala. Kidato cha sita alilazwa kwa malaria wiki nzima, na bweni letu likachelewa namba, yaani kuhesabiwa alfajiri, siku tatu mfululizo.

Nikaandika Sifaeli, ambaye alitaka kuwa daktari wa upasuaji na alilia kila tulipopasua chura. Alilia huku anapasua, mkono hautetemeki, na michoro yake ndiyo tuliyoinakili sote. Mwalimu alipomwuliza kama anataka kutoka nje, alijibu, "Hapana mwalimu, ni machozi tu, mimi mwenyewe niko sawa." Ikawa kauli ya darasa. Mtu akiteleza na ndoo mlimani, maji yote yakamwagika, utamsikia anasema ni machozi tu.

Nikaandika Violet, ambaye kwao kulionekana kutoka dirishani kwetu, nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko la Uyole, na ambaye kwa sheria za bweni alikuwa mbali na kwao kama mimi wa Iringa. Kila jioni alisimama dirishani kuangalia moshi wa jiko la mama yake. Alikuwa anatuambia wamepika nini. Tulimwuliza anajuaje, akasema leo Alhamisi.

Amos alikuwa kiranja wa bweni la wavulana, na alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio na usingizi wa mtoto mchanga. Alilala ameketi wima, macho nusu wazi, na ukimwuliza swali la Jiografia anajibu kwanza ndipo anaamka. Niliandika siku alipojibu vizuri swali ambalo mwalimu alikuwa hajamaliza kuliuliza.

Niliandika shamba letu la viazi, na mdahalo tulioshindwa na PCM, wenzetu wa Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu msemaji wetu alianza kucheka na hakuacha. Niliandika ukungu wa Juni, ambao ulitufanya tupange mstari kwa kushikana mabega. Kurasa zikawa tano, zikawa nane. Nilikuwa nimesahau uchovu.

Halafu nikafika kwa Makoye.

Makoye Shigela alikuja kidato cha tano wiki mbili baada ya sisi, na sanduku la bati na katambuga za tairi. Familia yake ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa, na siku hizi wanalima mpunga Madibira. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu hata kuliko changu. Shule ilikuwa na maksai wawili waliotolewa na mzazi mmoja. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeweza kulima nao. Walikula, walikanyaga kabichi za mkuu wa shule, wakilala katikati ya njia hakuna wa kuwainua. Siku yake ya kwanza ya kazi za shamba Makoye aliwafunga nira, akasimama nyuma ya plau, akawaambia jambo kwa Kisukuma, nao wakaenda. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jailos, ambaye ni Msafwa wa hapahapa, alimwambia hao ng'ombe ni wa Mbeya, Kisukuma wamejifunzia wapi.

"Hawa ni wa kwetu Usangu," Makoye alisema. "Nyie mmekuwa mnawasemesha Kiswahili cha taarifa ya habari. Wamewaogopa, wamedhani mnawakamata."

Mpaka kidato cha tano kinaisha, darasa zima lilikuwa linajua maneno manne ya Kisukuma: nenda, simama, kata kulia, kata kushoto. Tusekile aliyasema kwa lafudhi ya Kinyakyusa, na maksai walimsikiliza hivyohivyo. Makoye alitaka kuwa daktari wa mifugo. Katika Baiolojia alikuwa anajua majina yote ya viungo kwa Kisukuma tangu utotoni, akahitaji kuyahamisha tu.

Hayo niliyaandika haraka. Kisha nikatakiwa kuandika kwa nini hayupo, na kalamu ikasimama, kwa sababu aliyejua ni mimi peke yangu.

Ilikuwa hivi. Katikati ya Machi lilikuja lori la mpunga na barua kutoka kwa baba yake. Mzee Shigela hajui kusoma wala kuandika. Alimtamkia binti yake Mbuke, na Mbuke akaandika. Mzee alikuwa amevunjika mguu kwa mkokoteni. Mpunga wao wa mapema ulikuwa umetoa masuke, na ndege wale wadogo, kwelea kwelea, walikuwa wameshuka bondeni kwa makundi. Alikuwa anaomba kwa heshima kijana wake apewe ruhusa mpaka mpunga uvunwe akaamie ndege, yaani akasimame shambani kutwa nzima kuwafukuza, kwani mama na binti peke yao hawatoshi. Baada ya hapo angemrudisha mwenyewe. Alimalizia kwa kumsalimia mwalimu na familia yake na mifugo yake.

Mwalimu Liberatus alikuwa semina mjini mpaka jioni, na lori lilikuwa linageuza saa ileile. Makoye alinikabidhi barua.

"Mpe mkononi," alisema. "Chini nimeandika namba ya Mbuke. Akikataa nipigie, kesho yake narudi. Ukinyamaza nitajua amekubali."

Nilikubali, akapanda lori.

Barua haikuwa na bahasha. Niliisoma, nikalia kwa ajili ya ule mguu, na kwa zile salamu za mifugo, maana Mwalimu Liberatus hana hata kuku. Kisha nikakumbuka jinsi mwalimu alivyosimama paredi mwezi Januari na kusema hakuna mwanafunzi wa kidato cha sita atakayeenda nyumbani tena mpaka mtihani, isipokuwa kwa msiba. Nikajua atakataa. Nikauona mpunga unaliwa wote. Nikafikiri, na nilifikiri kwa moyo safi kabisa, kwamba nikiiweka barua ndani ya daftari langu la Baiolojia, hakuna atakayepata nafasi ya kusema hapana.

Mahudhurio yalikuwa mikononi mwangu. Aliyepo huwekewa mkwaju, yaani kimstari cha kulala, asiyekuwepo huwekewa duara. Kesho yake nilimwekea Makoye mkwaju. Nilimwambia Amos kwamba Makoye ameruhusiwa, Amos akawaambia wenzake bwenini, na kwa kuwa walimu wa masomo yetu walikuwa wawili tu na muda mwingi tulijisomea, hakuna aliyemtafuta. Niliweka mikwaju tisa. Nilikuwa naiweka kama mtu anayefunika mtoto blanketi.

Moko haikuwa imepangiwa tarehe ile. Iliwahishwa ghafla, ikaja wiki ya tatu. Siku ya kwanza Mwalimu Liberatus aliita jina la Makoye mara tatu, akafungua mahudhurio, akaona Ijumaa alikuwepo. Alinitazama. Nilitazama sakafu. Basi walimu wakaona ni wazi: kijana aliyekuwepo Ijumaa na hayupo Jumatatu ameukimbia mtihani. Sheria ya shule ilikuwa kwamba anayetoroka moko bila ruhusa hapokelewi tena, na jina lake linapelekwa kwenye bodi ya shule liondolewe. Bodi ilikuwa inakaa siku moja kabla ya mahafali.

Amos alinifuata mchana ule. "Monita, si uliniambia ana ruhusa?"

Nikasema alipewa ya siku chache. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kutamka kwa mdomo, na ulitoka kirahisi kuliko ile mikwaju.

Baada ya hapo nilijiambia mambo mengi. Kwamba bodi haitakaa. Kwamba ikikaa itasahau. Kwamba Makoye akirudi mwenyewe atajieleza, na yeye akijieleza wataona ni mtu mzuri. Sikuwahi kujiambia kwamba ninaogopa, ingawa kila nilipolifikiria jambo hilo nililiona gauni la mama.

Basi Jumamosi ile nilikuwa nimekaa na kurasa tisa, na jina lake juu ya ya kumi. Nilijaribu kuandika kwamba mwenzetu mmoja hakuweza kuendelea nasi. Nikaandika mpaka kwenye neno "kwa", nikakata sentensi yote.

Adhuhuri niliruhusiwa kushuka Uyole kuulizia mahali pa kuchapisha. Simu shuleni haziruhusiwi. Kwenye duka la steshenari nilimwomba mama mwenye duka, Mama Lusia, anipe yake kwa dakika mbili. Alipokea Mbuke, akakimbia nayo shambani, nikasikia bati linapigwa na mtu anapiga mluzi, kisha Makoye.

Sauti ilikuwa imekauka. Alisema ndege wa mwaka huu hawana adabu, unawafukuza kaskazini wanazunguka wanakuja kukusalimia kwa nyuma. Alisema mguu wa mzee unaunga. Zimebaki siku nne waanze kuvuna, Jumatatu baada ya mahafali atakuwa shuleni. Alimwulizia Tusekile, aliwaulizia maksai. Kisha akasema nimshukuru Mwalimu Liberatus.

"Baba anamwombea kila siku," alisema. "Hakutegemea angekubali. Halafu Devo, moko yangu atanipangia nifanye lini? Nimekuwa nasoma huku juu ya kichanja, ila jua linapiga kwenye karatasi, macho yamechoka."

Alikuwa hajui kitu. Kwa mwezi mzima alikuwa amesimama juu ya kichanja kati ya mpunga, anawafukuza ndege na kusoma Kemia, akiamini ananing'inia kwenye ruhusa ya mtu, kumbe ananing'inia kwenye unyamavu wangu.

Nilimwambia aje mapema kadiri awezavyo. Aliuliza kuna nini. Nikasema aje tu, na aje na baba yake kama mguu unaruhusu. Nilimrudishia Mama Lusia simu yake. Aliniuliza kama kwetu kuna msiba.

Nilipanda mlima mikono mitupu, sikuchapisha chochote. Mwalimu Liberatus alikuwa ofisini anasahihisha moko, rundo la karatasi kulia, rundo dogo kushoto, macho mekundu. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, Kalinga, risala tayari? Niliweka barua juu ya karatasi aliyokuwa anasahihisha.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alisogeza kidole chini ya mstari wa tarehe.

"Hii umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku hiyo, mwalimu. Uliyokuwa semina."

"Na mahudhurio?"

"Ni mimi."

Aliinuka akalitoa daftari la mahudhurio kabatini, akalifungua Machi, akahesabu mikwaju kwa ncha ya kalamu, bila sauti, midomo ikicheza. Nilikuwa naangalia mikono yangu. Alipomaliza alilifunga. Nje wavulana walikuwa wanabishana zamu ya ndoo.

"Ulifikiri ningekataa," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Labda ningekataa. Siku ile nilikuwa na hasira na semina, labda ningekataa." Alivua miwani. "Halafu kijana angerudi kesho yake, angefanya moko yake, ningemtafutia mzee mtu wa kumsaidia kupitia kwa mwalimu mwenzangu aliye Madibira. Au ningekubali, na leo ana ruhusa yenye muhuri. Yote mawili yalikuwa na njia. Wewe umempa la tatu, lisilo na njia."

Nilisema nilitaka kumsaidia.

"Najua," alisema. "Hilo ndilo linalonichosha. Mtoro namjua nimfanye nini."

Hakunifokea. Ningependa angefoka. Aliniambia niandike maelezo yangu, nitaje kila kitu, nisimtaje Amos ila kwa yale niliyomdanganya, na kwamba yatasomwa mbele ya bodi. Aliniambia pia risala atasoma mtu mwingine. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Zile karatasi kwapani ni nini?"

Nilimpa. Alizipima mkononi, kurasa tisa na nusu, akasoma kidogo ya Sifaeli, akanyanyua kichwa kana kwamba anataka kucheka, akaniambia risala ni kurasa mbili. Alinirudishia. Usiku uliofuata, saa ya kujisomea, niliandika za Makoye, zikawa kumi na moja, na hakuna aliyeziomba.

Bodi ilikaa Ijumaa mchana katika chumba cha maktaba. Mwenyekiti alikuwa mchungaji mstaafu mwenye sauti ndogo. Maelezo yangu yalisomwa na katibu, mimi nimesimama. Mjumbe mmoja alisema sheria ni sheria: hata kama ana barua, moko hakufanya. Mwingine akauliza ruhusa iliombwa lini na ilikataliwa na nani. Haikukataliwa na mtu, mwalimu alisema. Haikufika. Mwenyekiti aliniuliza kama ninaelewa kwamba barua ile haikuwa yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena swali lilelile, polepole zaidi.

Waliamua hivi. Makoye Shigela arudi Jumatatu na mzazi wake, ajieleze, afanye karatasi za moko ndani ya siku tatu, na jina lake libaki. Mimi niliondolewa umonita, wiki mbili kabla ya umonita wenyewe kuisha, na kwenye cheti changu cha kuhitimu, mahali pa tabia, ingeandikwa wastani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sifaeli alikuja akakaa pembeni yangu, akalia yeye.

Mama alifika Jumamosi asubuhi, ametoka Iringa gizani, gauni la kijani lenye mikono mipana, na shada la maua ya plastiki shingoni mwake kwa kuogopa lisivunjike kwenye mfuko. Nilimwambia kabla hajakaa. Nilimwambia yote, tumesimama nyuma ya hema la wazazi, spika inajaribiwa, moja mbili, moja mbili.

Alisikiliza huku ananiondoa nyuzi begani, kama anavyofanya kwa mtu yeyote aliyesimama karibu naye.

"Kwaya nitawaambia nini?" alisema.

"Waambie ukweli, mama."

"Wanakwaya hao." Alinivisha shada. "Nitawaambia spika iliharibika. Wewe ukweli umeshauanza, endelea nao mwenyewe." Kisha alikaa kiti cha nyuma kabisa, akavua viatu kwa siri chini ya gauni, akafumba macho.

Amos alisoma risala. Aliisoma kwa ile sauti yake, kurasa mbili, maji, uzio, vitabu. Kwenye idadi alisema tulianza arobaini na wawili na tunahitimu arobaini na wawili. Darasa letu likapiga makofi pale ambapo hakuna anayepigaga makofi, na mgeni rasmi akatazama karatasi yake kuona amepitwa na nini. Mimi sikupiga. Nilikuwa nahesabu siku mpaka Jumatatu.

Walikuja saa nne asubuhi. Makoye alikuwa amekonda na kuiva kwa jua, midomo imepasuka. Mzee Shigela alikuwa na mkongojo chini ya kwapa, na suruali ya mguu mmoja imepasuliwa mpaka gotini kwa ajili ya mguu uliofungwa. Walikaa ofisini muda mrefu. Kisha nikaitwa.

Mwalimu Liberatus alitoka akatuachia chumba. Nilipiga goti kumsalimia mzee. Aliitikia, akanitazama kama anapima mtamba mnadani, bila haraka wala ubaya.

"Wewe ndiye uliyekaa na barua yangu."

"Ndiye mimi, baba. Nisamehe. Niliogopa wasije wakamkatalia."

"Mimi sikusoma," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kinachagua neno moja moja. "Neno langu likitaka kwenda mbali, namkopa mtoto mkono, linaandikwa, linaondoka. Nikishalituma, nakaa nikijua linatembea. Mtu akinikatalia, basi, amenisikia. Wewe hukunikatalia. Umenifunga mdomo, na mimi nakaa kule namwombea mwalimu."

Mpaka leo, nikitaka kumsaidia mtu, nasikia kwanza mkongojo ule ukigusa sementi alipoinuka.

Makoye hakunisemesha siku hiyo wala siku iliyofuata. Alifanya karatasi zake za moko peke yake maktaba, Amos akimpelekea chai. Darasani alikaa dawati lake lilelile, nyuma yangu, na nilikuwa nasikia anavyofungua kurasa na kuzifunga. Jumatano alimaliza karatasi ya mwisho. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani wenyewe. Mchana ule wengi walikuwa mtoni. Nilichukua madaftari yangu ya wiki sita, nikayaweka kwenye dawati lake, nikageuka kuondoka.

"Siwezi kusoma mwandiko sasa hivi," alisema. "Macho yanauma."

Nilisimama. Nikamwuliza kama anataka nimwombee madaftari ya Violet, mwandiko wake ni mkubwa.

"Nisomee wewe," alisema. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo.

Nikakaa. Nilianza Baiolojia, mahali alipoishia katikati ya Machi, figo na kazi zake. Nilisoma polepole, kila mchoro nikimweleza mshale unaelekea wapi. Aliuliza swali, nikajibu. Aliuliza lingine, nikasema sijui, tukaliandika pembeni la kumwuliza mwalimu. Baada ya kurasa kadhaa aliweka kichwa juu ya mikono yake, macho yamefungwa, na mimi nikashusha sauti, kisha nikanyamaza.

"Endelea," alisema. "Sijalala."

Nikageuza ukurasa, nikaendelea.